Kuhifadhi na Kukumbusha: Tahakiki ya Kazi ya Mhifadhi Mkuu katika Makumbusho ya Historia

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra kumkuta mhakiki amesimama mbele ya kabati la vioo katika jumba la makumbusho, akiuliza maswali yale yale anayoyauliza mbele ya kitabu: Nani anasema? Anamwambia nani? Amechagua neno lipi, na ameliacha lipi? Hata hivyo, makumbusho ya historia ni matini kamili. Yana mwanzo na mwisho, yana wahusika wakuu na wahusika wadogo, yana usimulizi, na yana mambo yanayonyamaziwa. Kama ilivyo kwa matini yoyote, yana mwandishi pia, ingawa jina lake halionekani jaladani. Mwandishi huyo ni mkuu wa idara ya uhifadhi. Ndiye aamuaye ni kitu gani kitoke ghalani na kipi kibaki gizani, kipi kikae karibu na kipi, na ni maneno gani yaandikwe kwenye kibao cha maelezo.

Makala haya yanakusudia kuitahakiki kazi hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Hoja yake kuu ni kwamba mhifadhi mkuu wa makumbusho makubwa apimwe kwa maneno anayoyaweka kando ya vitu, kabla hajapimwa kwa wingi wa vitu anavyovitunza. Mjadala wa kurudishwa kwa mali za Kongo kutoka Ulaya umeshughulikia sana vitu vyenyewe na kuyasahau maneno. Matokeo yake ni kwamba kitu kinaweza kurudi kwao kikiwa bado kinasema kwa kinywa cha mwingine.

Mifano iliyotumiwa imetoka hasa katika makumbusho ya Ubelgiji na ya Kinshasa, na miwili kati yake inazihusu moja kwa moja wilaya za Beni na Lubero. Mwanafunzi wa Musienene huongea Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa darasani. Msomaji wa aina hiyo ndiye atakayekuwa kipimo katika kurasa zinazofuata: je, mhifadhi mkuu alipokuwa akiandika, alimfikiria?

2.0 Maneno mawili, kazi mbili

Yafaa kuanza na istilahi. Kiswahili kina maneno mawili katika uwanja huu, na hayasemi jambo moja. Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbuka katika kauli ya kutendesha: kukumbusha ni kumfanya mtu mwingine akumbuke. Kwa hiyo jumba la makumbusho, kwa mujibu wa jina lake, lina mtu analomwelekea. Haiwezekani kukumbusha bila kuwapo anayekumbushwa. Jina la Kifaransa, lenye asili ya Kigiriki, halina dhana hiyo. Linataja makao ya miungu ya sanaa, na mgeni si sehemu ya maana yake.

Neno la pili ni mhifadhi, kutokana na kitenzi hifadhi chenye asili ya Kiarabu. Hapa mkazo uko kwenye kitu: kukitunza, kukilinda, kukikinga na mchwa, unyevu na wezi. Katika Kivu ya Kaskazini neno hili lina uzito wa pekee. Jina la Kifaransa la mhifadhi wa makumbusho ndilo lile lile wanaloitwa wasimamizi wa Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert. Kwa mvuvi wa Kyavinyonge au mkulima wa mpakani mwa mbuga, konservateri ni mtu wa kuzuia: huzuia kulima, huzuia kuvua, huzuia kukata kuni. Hata Tanzania, neno mhifadhi hutumika kwa msimamizi wa wanyamapori na kwa mtaalamu wa makumbusho vilevile. Dhana ya kuweka uzio imo ndani ya jina la cheo.

Hata hivyo, kitenzi hiki kina maana nyingine ambayo wasemaji wa pwani wanaifahamu vizuri. Kuhifadhi shairi au sura ya Kurani ni kuiweka moyoni ili iweze kusomwa bila kitabu. Aliyehifadhi kwa maana hii hathibitishi uhifadhi wake kwa kufunga kitu kabatini, bali kwa kukitamka mbele ya wengine. Katika maana hiyo ya kale, kuhifadhi na kukumbusha hukutana. Swali la makala haya laweza basi kuelezwa hivi: mkuu wa idara ya uhifadhi ni mhifadhi kwa maana ya uzio, au kwa maana ya moyo?

3.0 Mhifadhi kama mwandishi: mfano wa Gedi na Lamu

Kabla ya kufika Kongo, mfano mmoja wa pwani utasaidia kuonyesha kuwa mhifadhi ni mwandishi kweli. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kazi katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, na baadaye akawa mhifadhi wa Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Kirkman alikuwa mchimbaji makini, na vigae alivyovipanga kwa tarehe vimewasaidia wataalamu wengi waliomfuata. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu Gedi kiliuita mji huo, katika anwani yake, mji wa Kiarabu. Kwa neno moja la anwani, kuta za matumbawe, msikiti, visima na makaburi vilipewa wenyewe, na Waswahili wakabaki wapangaji katika nyumba yao.

Baadaye James de Vere Allen alifanya kazi ya uhifadhi katika Makumbusho ya Lamu. Vitu alivyovishughulikia vilikuwa vya aina ile ile: viti, milango iliyochongwa, vyombo vya kauri, siwa. Hata hivyo Allen aliviona kuwa ushahidi wa jamii ya Kiafrika iliyopokea mengi kutoka ng'ambo na kuyafanya yake, na kitabu chake kuhusu asili ya Waswahili, kilichochapishwa mwaka 1993 baada ya kifo chake, kilizisukuma hoja hizo mbali zaidi. Baadhi ya madai yake yamepingwa na wanaisimu na wanaakiolojia. Jambo linalohusika hapa ni moja: pwani ni ile ile, vigae ni vile vile, na hadithi ni mbili. Tofauti iko kwenye sentensi.

4.0 Mfupa wa Ishango: kitu kimoja, vibao vitatu

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Ishango ni mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, ndani ya Mbuga ya Virunga, wilayani Beni. Kutoka Musienene, kwa mstari ulionyooka, hapazidi kilomita 60. Mwaka 1950 mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo, wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliochomekwa kipande cha jiwe jeupe aina ya kwatzi kwenye ncha moja. Mfupa huo una chale zilizopangwa katika safu tatu. Safu mbili zina jumla ya chale 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Mwanzoni ulidhaniwa kuwa na umri mdogo zaidi. Siku hizi umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Umewekwa katika makumbusho ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia, mjini Brussels.

De Heinzelin, katika makala ya mwaka 1962, aliona katika chale hizo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack, mwaka 1972, aliona hesabu ya siku za mwezi. Wengine wamesema kwamba chale zile huenda zilikuwa za kuzuia mkono usiteleze. Kila maelezo kati ya haya yana mwanadamu wake: la kwanza lina mwanahesabu, la pili lina mtazamaji wa anga, la tatu lina fundi anayetaka zana yake ishikike. Mhifadhi mkuu anapochagua mojawapo na kuliandika kama ukweli uliokwisha, anamchagulia mgeni babu wa kukumbuka. Anapoyaandika yote matatu na kusema wazi kwamba jambo halijaamuliwa, anamkaribisha mgeni kwenye mazungumzo. Njia hii ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hupunguza sifa. Kibao kinachotangaza hesabu ya kwanza duniani huvuta watu kuliko kibao kinachouliza swali.

Jambo hili linawahusu pia wale wanaouimba mfupa wa Ishango kwa fahari ya Kiafrika. Fahari hiyo ina haki yake, hasa baada ya miaka mingi ya vitabu vilivyodai kwamba Afrika haikuwa na hesabu wala historia. Lakini kumjibu mkoloni kwa hakika isiyo na ushahidi ni kuiga mtindo wake wa kuandika vibao. Mwanafunzi wa Musienene anastahili kuelezwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu hiki cha ajabu kilitoka katika ardhi ya jirani yake, na kwamba wataalamu bado wanabishana juu yake. Anastahili kuelezwa hivyo katika lugha anayoweza kubishania.

5.0 Tervuren: chui ghalani

Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, yaliyoko Tervuren karibu na Brussels, yana asili yake katika maonyesho ya mwaka 1897, ambapo mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 waonyeshwe kwa umma. Saba kati yao walifia huko na kuzikwa hapo hapo Tervuren. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1910. Lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2013 kwa ukarabati, na likafunguliwa tena Desemba 2018 likiwa na maonyesho mapya ya kudumu. Kwa mhakiki, maonyesho hayo ni kama toleo lililosahihishwa la kitabu cha zamani, na yafaa kusomwa hivyo.

Kati ya vitu vilivyohamishwa katika toleo jipya ni sanamu ya mtu-chui, iliyofinyangwa na Paul Wissaert mwaka 1913. Inamwonyesha mtu mweusi aliyefunikwa vazi la madoa ya chui, mwenye makucha ya chuma, akimwinamia mtu aliyelala ili amwue. Sanamu hiyo ilimpatia Hergé taswira aliyoitumia katika hadithi yake ya picha kuhusu Kongo, na kwa njia hiyo ikaingia katika vichwa vya watoto wa Ulaya nzima. Mwaka 2002 mchoraji wa Kinshasa, Chéri Samba, alichora picha aliyoiita Réorganisation, ambayo imo katika mkusanyo wa Tervuren kwenyewe. Ndani yake Waafrika wanaivuta sanamu ile kwa kamba waitoe nje ya jengo, Wazungu wanaivuta ibaki ndani, na mkurugenzi wa makumbusho amesimama kwenye ngazi akitazama. Hakuna tahakiki ya maandishi iliyoueleza mgogoro wa mhifadhi kwa uwazi kuliko picha hii. Kila upande umeshika kamba, na kila upande unavuta sanamu ile ile.

Baada ya mwaka 2018 sanamu imewekwa katika chumba cha chini, pamoja na sanamu nyingine zilizoondolewa katika maonyesho, kama vielelezo vya macho ya kikoloni. Hapana shaka kuwa hii ni hatua ya uaminifu. Makumbusho yanakiri: hivi ndivyo tulivyowaona. Lakini mtenda wa sentensi hiyo bado ni Ubelgiji. Msomaji kutoka Beni ana swali jingine kabisa: watu-chui walikuwa nani? Vicky Van Bockhaven, katika utafiti wake kuhusu watu-chui wa mashariki mwa Kongo, yaani anioto na wale waliojulikana upande wa Beni kama vihokohoko, ameonyesha kwamba mauaji yale yalifungamana na mapambano ya madaraka, ugomvi wa machifu na shinikizo la utawala wa kikoloni. Yaani palikuwa na siasa, palikuwa na sababu, palikuwa na majina. Historia hiyo ndiyo inayohitaji kibao. Kuishusha sanamu chumba cha chini kumelisahihisha jicho la mtazamaji, lakini aliyetazamwa hajapewa nafasi ya kusema.

Kuna jambo jingine ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Tervuren ni jina kubwa katika isimu ya lugha za Kibantu. Ndipo A. E. Meeussen alipofanya kazi, na ndipo maandishi yake ya mwaka 1967 kuhusu urejeshi wa sarufi ya Kibantu-mame yalipochapishwa. Maonyesho mapya yana hata chumba cha lugha na muziki, ambamo mgeni anaweza kuzisikia lugha za Afrika. Lakini maelezo ya kuutani yameandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Lugha za Kongo zimo kama vitu vinavyoonyeshwa. Hazimo kama lugha zinazoonyesha. Mgeni anasikia sauti yake, kisha anageuka kusoma maana yake katika lugha ya mwingine. Hili si kosa la wino na nafasi tu. Ni uamuzi wa kiuhariri, na uamuzi wa kiuhariri una mwenyewe.

6.0 Sarufi ya kibao

Ikiwa siku moja vibao hivyo vitaandikwa kwa Kiswahili, tafsiri ya neno kwa neno haitatosha, maana sarufi ya Kiswahili humlazimisha mwandishi kuchagua mahali ambapo lugha nyingine humruhusu kujificha. Tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa ni mfano mzuri. Mwanafunzi yeyote anajua kwamba "kikombe kimevunjika" na "kikombe kimevunjwa na Juma" si habari moja. Kauli ya kwanza haina nafasi ya mtenda; ya pili humwita shahidi.

Chukua sanamu ya mababu ya Lusinga, mtemi wa Watabwa magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Émile Storms, ofisa wa Ubelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, aliwatuma watu wake wakamshambulia Lusinga mwezi Desemba 1884. Lusinga aliuawa na kichwa chake kikakatwa. Fuvu na sanamu vilipelekwa Ubelgiji; sanamu imo Tervuren, na fuvu limetunzwa katika taasisi ile ile ya Brussels inayotunza mfupa wa Ishango. Sasa mhifadhi mkuu ana kalamu mkononi. Anaweza kuandika:

(a) Sanamu hii ilipatikana karibu na Ziwa Tanganyika mwaka 1884.

(b) Sanamu hii ililetwa na Storms kutoka Ziwa Tanganyika.

(c) Sanamu hii ilitekwa na watu waliotumwa na Storms, walipomwua mwenyewe, mtemi Lusinga, Desemba 1884.

Sentensi zote tatu hazina uongo. Sentensi (a), kwa kiambishi -ikan- tu, imeyafuta mauaji. Inaifanya sanamu ionekane kama uyoga ulioota njiani. Sentensi (b) imemrudisha mtenda lakini imempa kitenzi cha mgeni mwema anayeleta zawadi. Sentensi (c) pekee ndiyo inayokumbusha. Idara ya uhifadhi inayoandika (a) mara elfu imekamilisha kazi ya uzio na kuiacha kazi ya kumbukumbu. Kwa hiyo mkuu wa idara hiyo anahitaji wanaisimu wa lugha zinazohusika tangu mwanzo, wakati sentensi zinapobuniwa, kuliko kuwaita mwishoni wakati wa kutafsiri.

7.0 Kinshasa: zawadi, mkopo, marejesho

Ni rahisi kuikosoa Tervuren kutoka mbali. Tahakiki ya haki lazima iitazame na Kinshasa. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa iliundwa mwaka 1970, na mkurugenzi wake wa kwanza, Lucien Cahen, alikuwa wakati huo huo mkurugenzi wa Tervuren. Bruda Joseph Cornet, mmisionari na mwanahistoria wa sanaa, aliongoza utafiti, na misafara yake ilikusanya maelfu ya vitu kutoka mikoani na kuvipeleka Mlima Ngaliema. Kwa hiyo makumbusho ya taifa huru yalizaliwa yakiwa na jicho la mwalimu wake. Yalithamini hasa kile ambacho soko la sanaa la Ulaya lilikithamini: kinyago na sanamu. Maeneo yasiyosifika kwa vinyago, kama nchi ya Wanande, yakawa pembezoni mwa taifa kwa kipimo cha kabati.

Mwaka 1973 Mobutu aliudai urejeshaji wa mali za sanaa mbele ya Umoja wa Mataifa. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji ilitoa vitu 114 kutoka Tervuren, ikianza na sanamu ya mfalme wa Wakuba. Lakini upande wa Ubelgiji ulipendelea kuviita zawadi. Mwezi Juni 2022, mfalme Philippe alikabidhi Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakungu, na mara hii neno lilikuwa mkopo usio na kikomo cha muda. Miezi minne kabla, serikali ya Ubelgiji ilikuwa imeikabidhi Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyomo Tervuren.

Maneno haya matatu hayalingani. Mwenye kutoa zawadi ndiye mwenye mali, na anayepokea hushukuru. Mwenye kutoa mkopo ndiye mwenye mali pia, na anayepokea hudaiwa. Kurudisha ndilo neno pekee linalokubali kwamba kitu kilikuwa cha mtu mwingine tangu awali. Sababu za kisheria za Brussels kulitumia neno mkopo zinaeleweka, kwani sheria ya Ubelgiji ya kuruhusu urejeshaji ilikuwa bado haijakamilika wakati ule. Lakini mhifadhi mkuu wa Kinshasa hafungwi na sheria hiyo anapoandika kibao chake. Anaweza kumwambia mgeni kwa sentensi mbili kinyago kilitoka wapi na kwa neno gani kimerudi. Huo ungekuwa ukumbusho wa nguvu kuliko kinyago chenyewe.

Jumba jipya la Makumbusho ya Taifa, lililojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini wa zaidi ya dola milioni 20, lilifunguliwa Novemba 2019. Linajibu hoja moja ya zamani, ile ya kwamba Kongo haina mahali pa kutunzia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Katika fujo za miaka ya 1990 ghala za Ngaliema ziliporwa, na baadhi ya vitu vilivyorudishwa na Ubelgiji viliibiwa na kuuzwa tena ng'ambo. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu anayeidharau kazi ya nambari, kadi na kufuli hajawahi kuona kabati tupu. Uhifadhi wa uzio ni wa lazima.

Lakini methali hiyo hiyo ina upande wa pili: daftari lenyewe ni habari, na habari huandikwa na mtu. Orodha ya vitu 84,000 iliyokabidhiwa mwaka 2022 imebeba daftari la Tervuren, yaani majina ya makabila kama yalivyosikiwa na maofisa, tarehe za kuingia Ubelgiji, na majina ya waliokusanya. Kwa kawaida madaftari ya namna hiyo hayana jina la fundi aliyechonga wala la mama aliyetumia. Iwapo Kinshasa itaipokea orodha hiyo bila kuiandika upya, itakuwa imerithi ghala pamoja na usahaulifu wake.

8.0 Kipimo cha mhifadhi mkuu

Kutokana na yaliyojadiliwa, yawezekana kupendekeza kipimo cha kuihakiki kazi ya mkuu wa idara ya uhifadhi. Kipimo hicho kina maswali matano, na kila swali laweza kuulizwa mbele ya kabati lolote.

Kwanza, je, kitu kimetajwa kwa jina lake katika lugha ya waliokitengeneza, au kwa jina la aina tu? Pili, je, kitenzi kinachoeleza kuondoka kwake kina mtenda? Tatu, je, panapo shaka, shaka imeandikwa? Nne, je, mtu wa eneo kilikotoka anaweza kusoma maelezo yake bila mkalimani? Tano, je, maelezo yakikosewa, ipo njia ya mtu huyo kuyasahihisha?

Swali la tano ndilo linalobeba mengine. Kitabu kibaya hujibiwa kwa kitabu kingine, na gazeti hupokea barua. Kibao cha makumbusho hakina ukurasa wa majibu. Mkuu wa idara anayefungua njia hiyo, kwa kuwaita wazee, walimu na wanafunzi wa isimu waisome rasimu kabla haijabandikwa, anapunguza mamlaka yake na kuongeza ukweli wake. Tervuren ilijaribu kuwashirikisha wawakilishi wa Waafrika waishio Ubelgiji katika maandalizi ya maonyesho ya 2018, na baadhi yao walilalamika kuwa walisikilizwa kuchelewa, mipango mikubwa ikiwa imekwisha kuamuliwa. Ushauri unaoombwa baada ya sentensi kuandikwa ni mapambo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mkuu wa idara ya uhifadhi ni mwandishi, na kwamba uandishi wake unaweza kuhakikiwa kwa zana ambazo wanafunzi wa Kiswahili tayari wanazo: uchanganuzi wa msamiati, wa kauli za kitenzi, wa usimulizi na wa hadhira. Lawama haiwaendei wahifadhi peke yao. Idara za Kiswahili zimetoa tasnifu nyingi kuhusu riwaya, na chache mno kuhusu maneno yanayoandikwa katika majumba yanayodai kusimulia historia ya taifa zima.

Kwa wilaya za Beni na Lubero jambo hili halina muda wa kusubiri. Mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014, na vita vilivyofika kusini mwa Lubero mwaka 2024, vimewaua wazee wengi na kuwatawanya wengine mbali na vijiji vyao. Pamoja nao yanapotea majina ya vitu, ya mahali na ya watu waliohusika, yaani yale ambayo kibao kizuri huyahitaji na ambayo hakuna ghala la Ulaya linaloweza kuyarudisha. Mfupa wa Ishango utabaki salama kabatini mwake kwa karne nyingine. Maarifa ya mvuvi wa Kyavinyonge kuhusu pwani ile ya ziwa hayana kabati.

Kazi ya kuanzia ni ndogo na haihitaji jengo. Wanafunzi wa isimu wa Butembo na Musienene wanaweza kuandika, kwa Kiswahili na kwa Kinande, maelezo ya vitu vitatu au vinne vya eneo lao vilivyoko Brussels, Tervuren au Kinshasa, wakifuata maswali matano yaliyotajwa juu, wakiyasoma mbele ya wazee na kuyarekebisha, kisha wakiyapeleka kwa idara za uhifadhi zinazohusika na kuomba jibu. Jibu lolote litakalotoka, hata la kukataa, litakuwa na sahihi ya mtu, na mtu huyo ataweza kuulizwa swali linalofuata.